Utii Huanzia Sikioni

Jumapili moja jioni mwaka 2021 tulikuwa watu watatu tuliotumwa na wazee wenzetu wa kanisa kwenda kwenye nyumba moja Mikindani kumwonya mama wa nyumba hiyo. Kosa lake, kama tulivyoelezwa, ni kukosa utii kwa mumewe. Mume alikuwa amesimama mbele ya ibada akaahidi shilingi 20,000 za ujenzi. Mke, aliyekuwa amepokea zamu yake ya chama cha kuchangiana wiki hiyohiyo, akazichukua pesa zote akazipeleka kwa mwenye ploti, akalipa malimbikizo ya kodi ya miezi minne. Ahadi ikabaki hewani. Mume akaona ameaibishwa. Sisi tukaona uasi.

Mume huyo alikuwa dereva wa trela. Agosti 2019, serikali ilipoagiza makontena ya Nairobi na bara yapande reli ya SGR, yadi za Changamwe na Miritini zilianza kupunguza watu, naye akawa kwenye kundi la mwanzo. Agizo hilo lilikuja kuondolewa Septemba 2022, lakini kwake miaka mitatu ilikuwa imeshapita. Katikati ikaingia korona. Aprili 2020 njia za kutoka na kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, na hoteli za pwani zikawarudisha wafanyakazi makwao. Nyumba yao ikabaki kutegemea karai la viazi na bajia la mama mlangoni. Maji ya mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni yalikuwa yanahesabiwa kama dawa.

Mimi ndiye niliyefungua Biblia. Nikasoma Waefeso 5:22, "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Mwenzangu akaongeza mawili matatu kuhusu baraka zinazoifuata nyumba yenye utaratibu. Yule mama alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza, mikono bado ina unga wa dengu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa: "Wazee wangu, mimi nimemsikia miaka kumi na mmoja. Ni nani amewahi kumwambia yeye anisikie mimi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliombea chai, tukainywa, tukaondoka. Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na ninaamini kwamba ndani yake mna jambo ambalo makanisa yetu ya Mombasa yanapaswa kulitazama upya, hasa wakati huu ambapo nyumba nyingi za waumini zinaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa simu, na subira.

Jambo lenyewe limo katika neno alilolitumia. Hakusema "nimemtii". Alisema "nimemsikia". Kwetu maneno hayo mawili hayaachani mbali. Mtoto tukimsifu twasema ni msikivu. Akituchosha twasema hasikii, na hatuna maana kwamba masikio yameziba. Asiyesikia la mkuu, wahenga wanasema, huvunjika guu. Biblia ya Kiswahili tunayoisoma wengi wetu, ile ya mwaka 1952, imeyaweka maneno haya pamoja pale Samweli anapomkemea Sauli: "Angalia, kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Kutii na kusikia ni jambo moja lililosemwa mara mbili. Na ikiwa kutii ni kusikia, basi nyumba ambayo mmoja ndiye wa kusikiwa na wengine wote ni wa kusikia, ina utii nusu. Nusu nyingine haijawahi kuanza.

Najua kwamba fundisho la utii katika familia si geni wala si baya. Naliamini. Ninachohoji ni kwa nini linapigiwa kelele zaidi nyakati za shida kuliko nyakati za neema. Dereva yule alipokuwa na safari za kila wiki hadi Malaba, hakuna aliyemhubiria mkewe kuhusu utii. Hapakuwa na haja. Mshahara ulikuwa ukimsemea. Alipoingia na mfuko wa unga na nyama ya kilo moja, nyumba nzima ilisimama. Mshahara ulipokatika ndipo alipoanza kutafuta njia nyingine ya kusimamisha nyumba, na neno alilolikuta karibu, tayari na limebarikiwa, ni "kichwa cha nyumba".

Nimewaona wengi wa namna yake. Mwanamume anatoka saa kumi na mbili asubuhi amevaa vizuri, anakaa maskani, kijiweni na wenzake, mpaka magharibi, anarudi kama anayetoka kazini. Watoto wanajua. Mke anajua. Hakuna anayesema. Jumapili anaketi kwenye benchi, mhubiri anamwambia kwamba yeye ni kuhani wa boma lake, na kwa saa mbili anapata heshima ambayo wiki nzima haikumpa. Ni nani atamlaumu kwa kuishika? Lakini mhubiri naye, nasema kwa upendo kwa sababu nimekaa kwenye kamati za fedha, yumo katika dhiki yake. Sadaka zimepungua, fundi anadai, mabati hayajafika. Hapo utii unakuwa kitu wanachokitaka wale waliopungukiwa na vingine vyote, na anayetozwa ni yule mwenye sauti ndogo kuliko wote. Ndivyo ahadi ya 20,000 ilivyotoka kinywani mwa mtu ambaye mfukoni hakuwa na nauli ya matatu.

Historia ya ukristo wa mji huu ingepaswa kutufanya waangalifu zaidi na neno hili. Pale Kongowea, karibu na njia ya Nyali, bado imesimama kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi wao waliwahi kunyang'anywa baba, mama na hata jina. Utii waliujua kwa minyororo. Wakaja kufunzwa utii mwingine, wa injili, wakajenga familia upya kutoka kwa watu wasiokuwa na ukoo mmoja. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1880 uongozi wa kituo hicho hicho ulilaumiwa kwa kuwachapa watu viboko vikali, hadi ubalozi wa Uingereza kule Unguja ukalazimika kulichunguza jambo hilo. Watu waliotolewa kwenye mjeledi mmoja wakakutana na mjeledi mwingine, huu wa pili ukiwa na sala. Si mara ya kwanza wala ya mwisho utii wa Kikristo kufundishwa na mtu asiyemsikia anayemfundisha.

Na mara iliyo karibu nasi zaidi haina haja ya kuchimbuliwa kwenye vitabu. Aprili 2023 ndipo makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalipoanza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Washtakiwa wengi walikana mashtaka, na kesi zilifikishwa mbele ya mahakama za Mombasa na Malindi, kwa hivyo hukumu si yangu. Linalodaiwa ni kwamba waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mimi siwezi kuacha kuwafikiria wale watoto ndani ya nyumba zao za makuti. Mtoto mwenye njaa hulia. Atalia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kilio hicho kilisikika, maana msitu ule ni kimya. Ili kazi ile iendelee ilibidi mzazi ajifunze kutosikia, naye aliyejifunza hivyo aliamini ndipo anapotii.

Wengi hujitetea kwamba Shakahola ni upotovu wa watu wachache, haina uhusiano na makanisa ya kawaida yenye kwaya na shule ya Jumapili. Natamani iwe hivyo. Lakini umbali kati ya mzazi yule na baba anayeahidi kodi ya nyumba mbele ya madhabahu huku mkewe akimwambia "nisikize kidogo" ni umbali wa kiwango tu. Njia ni moja: kuziba sikio kwa jina la imani.

Basi utii wa kweli wakati wa dhiki una sura gani? Nimelitafuta jibu hilo kwanza kwa Kristo mwenyewe, na kitabu cha Waebrania sura ya 5 kimelisema kwa namna ambayo sikuwahi kuizingatia kabla ya ule ugeni wa Mikindani. Kinasema kwamba katika siku za mwili wake alitoa maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi, akasikilizwa kwa jinsi alivyokuwa mcha Mungu". Kisha papo hapo, mstari unaofuata, kwamba ingawa ni Mwana, "alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata". Tazama mpangilio wake. Alilia, akasikilizwa, akatii. Usiku ule Gethsemane hakunyamaza ili aonekane mtiifu. Aliomba kikombe kimwepuke, akaomba tena, akaomba mara ya tatu. Baba hakumwita mwasi kwa kuuliza. Kikombe hakikuondolewa, ni kweli; kusikilizwa si lazima kuwe kukubaliwa. Lakini utii wa Mwana ulipitia mahali ambapo alisema yote yaliyokuwa moyoni mwake. Mke gani katika ushirika wetu amewahi kupewa nafasi ya kuuliza mara tatu?

Halafu kuna Mwanzo. Kitabu hicho kina nafasi ya pekee kwetu, kwa sababu mwaka 1844, hapa Mombasa, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kukitia katika Kiswahili. Ni mwaka huohuo, Julai, alipomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa bara, miezi michache tu baada ya kufika. Huwa nafikiri juu ya mtu aliyefasiri habari za Ibrahimu na Sara, wanaongoja mtoto, huku mtoto wake mwenyewe amemtia kaburini. Sijui mahubiri mengi yanayotaja hilo. Sisi hupenda kumtaja kama shujaa wa utii na kumpita haraka mtu aliyefiwa.

Katika sura ya 21 ya kitabu hicho, Mungu anamwagiza Ibrahimu, baba wa imani, amsikilize mkewe katika kila neno amwambialo. Si Sara anayeambiwa amsikilize Ibrahimu. Sura hiyo ni ngumu, siifichi. Neno la Sara lilikuwa chungu. Alitaka Hajiri na mwanawe wafukuzwe, na mkate na kiriba cha maji waliyopewa havikuwatosha jangwani. Siidai kama ushahidi kwamba mke siku zote yuko sahihi. Ninachokiona ni kwamba sura ile ile inayomwamuru mume asikie ndiyo inayomwonyesha Mungu akisikia. Maji yalipokwisha, Hajiri alimweka kijana chini ya kichaka akaenda kuketi mbali asimwone akifa, na Mungu akaisikia sauti ya kijana. Jina lake tangu tumboni lilikuwa Ishmaeli, yaani Mungu husikia. Huyo ndiye Mungu tunayedai kumwakilisha tunaposimama kama vichwa vya nyumba.

Mtu atanipinga: ukiufunga utii kwa masharti ya kusikilizwa, umeuua. Ibrahimu aliondoka Harani bila kuambiwa aendako. Hoja hiyo ina uzito. Lakini yule aliyemwita Ibrahimu alikuwa Mungu, na mume si Mungu, wala mchungaji si Mungu, wala kamati ya ujenzi. Waliosema "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" walikuwa mitume wakiwaambia viongozi wa dini. Mstari wa 21 wa Waefeso 5, ule tulioruka sisi watatu kwa kuanzia wa 22, unawataka waumini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Na mume anayetaka mstari wa 22 utimizwe amewekewa wa 25, ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kujitoa huko ndiko tulikomwachia mama wa bajia akufanye peke yake.

Nisieleweke kwamba ninawafundisha watu kukimbia gharama. Utii unagharimu, na imani isiyogharimu kitu katika mji huu haijajaribiwa. Namjua ndugu mmoja aliyekuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Aliletewa karatasi za kontena zenye thamani iliyopunguzwa, atie sahihi, kila mtu apate chake na ushuru wa serikali upungue. Hakusaini siku ile. Aliomba kungoja hadi kesho, akarudi nyumbani Magongo, akaketi na mkewe na watoto wawili wakubwa, akawaeleza kilichopo: nikikataa, mkataba wangu unaoisha mwezi ujao hautarudi. Mkewe aliuliza kuhusu karo. Binti, aliyekuwa kidato cha tatu, aliuliza kama baba anaweza kufungwa akisaini. Walizungumza mpaka usiku, wakaomba, asubuhi akaenda akakataa. Mkataba haukurudi. Mwaka mzima walikula mlo wa jioni na kuuruka wa mchana, binti akabaki nyumbani muhula mmoja.

Nimewahi kumuuliza mkewe kama alijuta. Alisema kwamba njaa ile walikuwa wameichagua wote, kwa hivyo hapakuwa na wa kumkasirikia. Natia mkazo hapo, kwa sababu nimeona familia nyingine zilizopita katika shida ndogo kuliko ile zikavunjika. Mateso yaliyoamuliwa na mtu mmoja huwaangukia wengine kama adhabu. Ya ndugu yule yaliwaunganisha. Baba alitii dhamiri yake kwa Mungu, naye hakumburuta mtu.

Kuhusu watoto nitasema machache. Wazazi wa Kisauni wanalia na vijana wanaoingia kwenye makundi ya mapanga, na jawabu la haraka kanisani ni kwamba kizazi hiki hakisikii. Pengine. Lakini Paulo, baada ya kuwaambia watoto wawatii wazazi wao, hakumaliza. Aliwageukia akina baba akasema "msiwachokoze watoto wenu". Kijana wa miaka kumi na sita anayeona hela ya daftari imeenda kwenye bahasha ya mbegu, ile sadaka inayoahidiwa mavuno, kisha anafokewa akiuliza, amechokozwa. Maskani itamsikiliza. Hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza ambayo makundi yale humpa kijana, kabla hata ya panga.

Kisha kuna suala la fedha, nalo kanisa haliwezi kulikwepa kwa kuwasukumia wanandoa. Yesu aliwakemea waliowafundisha watu kutamka "Korbani" juu ya mali yao ili wasiwatunze baba na mama zao. Yaani walichukua sadaka wakaifanya kisingizio cha kuacha wajibu wa nyumbani. Paulo naye alimwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Na Elisha, mjane alipomjia akilia kwamba mwenye kumwia anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, hakumwomba mbegu. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mafuta yalipoongezeka alimwambia ayauze, alipe deni, yaliyosalia waishi nayo yeye na wanawe. Deni kwanza, chakula pili, na nabii hakujitajia fungu lake. Mama wa Mikindani alifanya hivyo hivyo kwa mpangilio ule ule, nasi tukaenda kumkemea.

Nilirudi kwake mwezi uliofuata, peke yangu, nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Mume alinyamaza kwa muda mrefu, akasema kilichomuuma hasa si zile pesa, ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kodi ilikuwa imefikia miezi minne. Mke akamwambia alijaribu kumweleza mara nyingi. Kila mara alijibiwa "nishasema". Hayo waliyasema mbele yangu, nami nilikaa kimya, nikatambua kwamba pengine ndiyo huduma pekee niliyowahi kuitoa katika nyumba ile.

Katika ushirika wetu tumebadilisha jambo moja dogo. Ahadi ya mtu mwenye familia haiandikwi ibadani. Anaichukua karatasi akaende nayo nyumbani, na tunaipokea ikiwa na sahihi ya mume na ya mke, wiki moja baadaye au asiirudishe kabisa. Baadhi ya wazee walipinga, wakasema tutapoteza fedha, na kweli ahadi zimepungua. Mabati bado hayajafika yote. Mwezi uliopita ndugu mmoja alikuja Jumatano jioni na karatasi yake haina sahihi ya pili. Akasema wamezungumza na mama watoto, wameona hawawezi mwaka huu, mtoto wa mwisho ana matibabu. Alisema hivyo akiwa ametazama chini. Tukafuta jina lake kwenye daftari, tukamwekea chai, tukamuuliza habari za mtoto. Alikaa nasi karibu saa nzima akituelezea, kisha akaenda zake zamu ya usiku.